Fundi asinunue saruji kwanza

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Denver wazima, hofu ni kwenu. Habari za ukuta wa nyumba ya bibi yako Mji Mkongwe nimezipata, na pesa nitatuma. Ila fundi asinunue saruji mpaka umalize kusoma barua hii.

Uliniuliza nafuata nini milimani, kulala kwenye hema na kufanya kazi bila ujira umri huu. Kuna shirika hapa Colorado, HistoriCorps, lilianza mwaka 2009. Linakusanya watu wa kujitolea, hata wasiojua kushika patasi, linawapa chakula, vifaa na fundi wa kuwafundisha, wakarabati majengo ya kale. Sisi tulipewa nyumba ya magogo ya mlowezi mmoja. Sheria ya Marekani ya 1862 iliwapa walowezi hadi ekari 160 kila mmoja, kwa sharti wajenge, walime na wakae miaka 5. (Ardhi ilikuwa na wenyewe kabla yao, lakini hayo yana barua yake.)

Pembe za nyumba ile hazina msumari. Magogo yamechongwa ncha kwa shoka, yakalaliana na kushikana. Nafasi zilizobaki katikati huzibwa kwa vipande vya mbao, kisha hukandikwa udongo au chokaa. Nilipoanza kukandika wakaniuliza nimejifunza wapi! Nikacheka peke yangu.

Kabla ya hapo tulipima magogo kwa chuma chenye ncha. Kikikataa, mti mzima. Kikizama kama kwenye andazi, umeoza. Gogo la chini kabisa lilimeza changu hadi kwenye mpini. Fundi akatuonyesha sababu: zamani kuna mtu aliutoa udongo akaziba kwa saruji, akidhani anaimarisha. Mti hutanuka na kusinyaa, saruji haiufuati, basi hubaki upenyo. Maji ya theluji huingia humo yakakosa pa kutokea. Tulibandua saruji, tukanyanyua ukuta kwa jeki taratibu mno, tukachomoa gogo bovu tukatia jipya la mti uleule. Mazima hatukuyagusa.

Sasa ukuta wa bibi yako ni mawe ya matumbawe na chokaa. Huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi vitafungiwa ndani, mawe yatalika na lipu itabanduka mapande. Boriti za dari nazo zimeingia ukutani humo humo, zitaanza kuoza nchani ambako huoni. Mwambie fundi abandue saruji ya zamani, auache ukuta ukauke, kisha apige chokaa iliyolowekwa vya kutosha. Atasema chokaa inachelewesha kazi. Ni kweli, inachelewesha. Mlipe siku zake.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe usikisahau, na nipigie picha za ncha za boriti kabla hajaanza.

Wassalaam,
Mama yako