Kabla ya Jumatano: Yohana 13

Bwana asifiwe, wapendwa. Jumatano tutasoma Yohana 13:1–17, tafadhali ipitieni mapema. Mimi nimekwama mahali pamoja. Yesu alipoinuka mezani, akajifunga kitambaa kiunoni na kumimina maji katika beseni ili awaoshe wanafunzi wake miguu, Yuda alikuwa bado yumo chumbani. Anatoka kwenye mstari wa 30. Kwa hiyo naye alioshwa miguu, na Bwana alishajua kwamba Yuda atamsaliti. Hapo ndipo panaponichoma, maana kumhudumia anayenipenda hakunigharimu kitu.

Basi wiki hii kila mmoja wetu amtafute mtu aliyemkwaza, awe wa kwanza kumsalimia, au amsaidie kazi bila kuombwa. Majina yao tusiyaandike humu. Maombi ni saa moja jioni kama kawaida.