Kabla Hujaandika Barua ya Uhamisho

Morogoro, 6 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba, baba. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na shangazi yako. Alicheka mpaka akakaa chini pale uliposema mtandao wa kijiji kizima unashika juu ya kichuguu kimoja tu na watu wanapanga foleni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri lile la mwisho, kwamba nimtafute yule ndugu yetu aliye ofisini akusaidie uhamisho. Una miezi minne tu ya kufundisha huko Katavi.

Sitakugombeza, maana sina uso wa kukugombeza. Mwaka 1987 nilishuka Mpanda na sanduku la bati na cheti cha uuguzi, nikalia stesheni mbele za watu. Ile reli haikujengwa kwa ajili ya akina sisi. Waingereza waliichepusha kutoka Kaliua kufuata madini ya risasi ya Mukwamba, risasi ya betri, si ya bunduki. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na shehena tukawa sisi waajiriwa wapya. Kutoka Mpanda nikapandishwa lori la magunia mpaka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mshahara wa kwanza niliupata baada ya miezi mitano.

Nilikaa miaka miwili, na kila jioni nilikata tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Uhamisho ulipotoka nilifungasha kwa saa moja. Siku hiyo lori lilikwenda kwa njia ya Sumbawanga, likapita katikati ya Hifadhi ya Katavi, na mimi nilikuwa nimelala juu ya magunia na kanga usoni. Dereva alituamsha tuone nyati. Nikamwambia aniache nilale.

Sasa unielewe kwa nini bado sijampigia huyo ndugu yetu.

Anza na Sitalike, hata kesho kutwa ukiwa na nauli ya basi. Pale darajani unasimama tu na kuwatazama viboko wa mto Katuma bila kulipa senti. Ila usiridhike na hapo. Subiri Septemba au Oktoba, mchangishane walimu wanne watano mkodi gari, maana bodaboda haziruhusiwi kuzunguka hifadhini. Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Nilimpata jirani yetu wa huku, askari wa wanyamapori mstaafu aliyetumikia huko, nikamkalisha na chai aniambie ninachokuagiza ukaone. Anasema kiangazi kikikaza Katuma inabaki kama mtaro, na viboko wa kilomita na kilomita wanajikuta kwenye dimbwi moja pale Ikuu, mamia, wamepangana kama magunia ya mkaa, madume yanararuana. Mamba nao wanaingia kwenye mapango ya kingo za mto na kulala humo wakingoja mvua. Nenda na macho yako, halafu uniambie kama mzee ametia chumvi.

Alisikitika jambo moja. Maji ya Katuma yanapungua kwa sababu huko juu watu wanayachepusha kwenda kwenye mpunga. Nikamwambia, na wewe wali unakula. Akanyamaza, akaomba chai nyingine.

Hifadhi yote ni kilomita za mraba 4,471, na magari ya watalii unaweza kuyahesabu kwa vidole. Utakutana na swala wakubwa, korongo na palahala, ambao wenzako wa Serengeti hawawaoni hovyo hovyo. Usivae bluu wala nyeusi: mbung'o wa kule wanazipenda rangi hizo kuliko mama mkwe anavyopenda harusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Na ukionyeshwa mkwaju wa Katabi, uvue kofia. Wabende wanasema mzimu wa Katabi anakaa kwenye mti huo, na watu huacha sadaka chini yake. Jina la hifadhi limetoka kwake. Ukristo wako hautapungua kwa kuvua kofia.

Unalalamikia upweke. Mkoa wote wa Katavi una kilomita za mraba 45,843. Sensa ya 2012 ilikuta watu 564,604, ya 2022 ikakuta 1,152,958. Kwa hesabu zako za mwalimu, huo upweke tayari umekatwa nusu kabla hujafika. Wangu mimi ulikuwa mzima.

Karema sasa. Pale kuna jengo ambalo nililipita kila siku kwenda kuchota maji, na sikuwahi kuuliza lilijengwa na nani. Ni kituo alichokianzisha Cambier, kapteni wa Kibelgiji, mwaka 1879. Mwaka 1885 wakawaachia mapadri wa White Fathers. Lilikuwa karibu kabisa na maji. Lakini upande wa Kongo mto Lukuga, ndio pekee unaotoa maji ziwani, ulikuwa umezibuka, na ziwa likashuka likawaacha Wabelgiji wanatazama mchanga.

Na kuna Atiman. Huyu nilimsikia kwa bibi mmoja niliyekuwa namfunga kidonda. Alinikunjulia mkono mwingine, una kovu jembamba kama uzi, akasema, "Huu alinishona Daktari Atiman. Wewe mkono wako mzito." Nilinuna siku nzima! Miaka mingi baadaye ndipo nilipomsoma vizuri. Adrian Atiman alizaliwa upande wa mto Niger, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, mapadri wakamkomboa Algeria na kumsomesha udaktari kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889. Akaoa huko huko, mwanawe akawa padri, na yeye akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Na mimi wa miaka miwili nilikuwa nakata tarehe kwenye kalenda umbali wa hatua chache kutoka alikofanyia kazi. Sikuambii ukae 67, nitakufa kabla hujarudi.

Ulale Karema usiku wa giza, usiku usio na mwezi. Usiku wangu wa kwanza niliona taa zimejipanga mbali juu ya maji, nyingi, nikamuuliza mwenyeji wangu ule ni mji gani wa Kongo. Akasema si mji, ni wavuvi wa dagaa na karabai zao. Nikaona haya, nikaingia ndani. Ningekaa nje. Asubuhi nunua migebuka mibichi, umpe mama yeyote jirani akuchomee, umlipe vizuri.

Ukipita Mpanda niletee asali ya Inyonga, lita tano. Dumu liwe jipya, si lile la mafuta ya kula, la mwaka juzi lilinuka alizeti mpaka chai ikakataa. Mpe konda wa basi la Dar aiache stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, nami nitaifuata.

Yule ndugu yetu nitampigia Novemba, mvua zikianza, kama utakuwa bado unataka. Si kabla.

Halafu Karema, nyuma ya zahanati yetu ya zamani kulikuwa na mwembe, ndipo nilipokuwa nakaa kusoma barua za bibi yako. Ukiukuta unipigie ukiwa chini yake. Mtandao usiposhika, tafuta kichuguu.

Mama yako