Kila ninayemsoma anahamia kwenye riwaya yangu

Shikamoo Mwalimu,

Naandika riwaya yangu ya kwanza. Nimefika sura ya tisa, na nikiisoma tangu mwanzo naona kama imeandikwa na watu wanne ambao hawajawahi kukutana. Wenzangu wamenipa ushauri wa aina mbili unaopingana. Nimeujaribu wote, na bado nimekwama.

Kisa chenyewe si kigumu. Zuhura na kaka yake Idi wamefiwa na mama yao, fundi cherehani. Hakuacha wosia, ameacha cherehani moja na daftari la vipimo vya wateja. Zuhura anataka kuendeleza kazi ya mama, Idi anadaiwa kila kona. Siku moja Zuhura anaingia chumbani na kukuta meza ni tupu. Hapo ndipo hadithi inapoanzia.

Mwanzoni niliandika hivi: "Zuhura alisukuma mlango. Meza ilikuwepo, cherehani haipo. Vumbi lilikuwa limechora umbo lake." Sikuona ubaya. Kisha nikasoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Mle mhusika mkuu anajisimulia mwenyewe, nawe unamwamini tangu kurasa za mwanzo. Nilipoimaliza, mkono ukagoma kuandika "Zuhura alisukuma". Ikawa: "Nilisukuma mlango, na kabla sijatazama nilijua." Sura tatu nzima nikazihamishia nafsi ya kwanza.

Ikaja Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990. Ni kitabu chembamba, lakini ukishakifunga chenyewe hakikufungi mdomo. Unabaki unajiuliza maswali. Masimulizi yake hayafuati mstari mmoja, ndoto na uhalisi vinaingiliana. Matokeo yake, katika sura yangu ya tano na ya sita, cherehani ambayo wakati huo imeshauzwa inaongea. Haki ya Mungu inaongea. Inamuuliza Zuhura habari za uzi na wakati, naye anajibu kwa mafumbo ambayo hata mimi niliyeyaandika siyaelewi. Halafu nikashika Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Mazungumzo ndiyo yanayoibeba riwaya ile, na Kiunguja kinawakaa wahusika wake mdomoni bila kulazimishwa. Sasa Idi wangu, ambaye katika sura ya pili alikuwa mtu wa maneno mawili matatu, sura ya saba hanyamazi, tena anasema kwa lahaja ambayo sikumlea nayo.

Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi, akaniambia niache kusoma mpaka rasimu iishe. Nikaacha. Hapa naomba usinicheke: riziki yangu naipata kwa kuandika kumbukumbu za vikao. Kutwa ni "wajumbe waliazimia" na "ilikubalika kwamba". Nisiposoma riwaya, Kiswahili kinachobaki kichwani ni hicho. Sura ya nane ni ya ndugu hawa kugombana, ugomvi ambao msomaji ameusubiri tangu mwanzo, na nimeikuta ina sentensi hii: "Zuhura alieleza kutoridhishwa kwake na hatua iliyochukuliwa na Idi kuhusu cherehani." Mtu kauziwa cherehani ya mama yake, yeye anaeleza kutoridhishwa! Bora sauti ya kuazima.

Mwingine yeye anasema nisome nitakacho ila nisirudi nyuma kusahihisha. Mfano wake ni ule utaratibu ulioanzia Marekani mwaka 1999, wa watu kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba na kuacha marekebisho ya baadaye. Ana hoja, kwa sababu bila yeye nisingefika sura ya tisa. Lakini ninachokiacha nyuma si makosa ya tahajia. Msimulizi akibadilika, kisa nacho kinabadilika.

Chukua sura ya nne, usiku Idi anapoiuza cherehani. Anaifunika kwa shuka la marehemu, anaibeba begani. Mnunuzi anataka kuijaribu kwanza, anapitisha kipande cha kitambaa, na Idi anausikia mlio ambao utotoni ulikuwa ukimbembeleza usingizini. Anashusha bei bila kuombwa ili mtu yule aache kushona. Katika zote nilizoandika, hiyo ndiyo ninayoipenda. Zuhura hakuwepo. Akisimulia yeye, itabidi habari hizo aje aambiwe na mtu, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba Idi alishusha bei kwa sababu ya mlio. Nikirudi kwa msimulizi wa nje anayejua yote, sura ya nne inapona, ila napoteza ile "kabla sijatazama nilijua", ambayo wote niliowapa rasimu wamesema ndiyo iliyowashika.

Hivi karibuni nimeona dalili nzuri kidogo. Nimeanza kusoma waandishi wawili kwa kupokezana, leo huyu kesho yule, na hakuna anayepata nafasi ya kunitawala. Sura ya tisa imetoka ikiwa na ukavu fulani ambao sijauona kwa yeyote kati yao. Huenda ni sauti yangu, huenda ni zile kumbukumbu za vikao zimejipenyeza tena. Mimi mwenyewe siwezi kujihukumu.

Sasa naomba unisaidie, Mwalimu. Niamue msimulizi leo, kabla ya sura ya kumi, au nimalize na mchanganyiko huu halafu niamue nikiwa na kazi nzima mkononi? Je, Zuhura anaweza kujisimulia huku sura za Idi zikisimuliwa na msimulizi wa nje? Najua inawezekana, nauliza kama ni mzigo ambao mwandishi anayeanza anaweza kuumudu bila msomaji kudhani amesahau alichokuwa anafanya. Na ile cherehani inayoongea, niinyamazishe kabisa? Hili nauliza shingo upande, maana kuna nusu ukurasa humo sijapata moyo wa kuifuta.

Msomaji wako,
Mwenye Sura Tisa