Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi Siku ya Maonesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tumeshughulikia jambo moja tu: damu inavyopita ndani ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Mezani utakuta mfano wa ateri kubwa ya shingo, pale inapogawanyika, tawi moja likipeleka damu kwenye ubongo na jingine usoni. Mfano huo ni wa silikoni angavu. Damu yenyewe haipitishi mwanga vya kutosha, kwa hiyo tunatumia maji yenye gliserini. Gliserini huyapa maji mnato unaokaribia ule wa damu, tena hupunguza tofauti ya upindaji wa mwanga kati ya kimiminika na silikoni, hivyo mkondo unaonekana bila kupotoshwa sana na kuta.

Tunakuomba usimame hapo rangi inapoingizwa. Kwenye shina, uzi wa rangi unakwenda umenyooka. Ukifika kwenye panda, sehemu kubwa inakimbia ikiambaa na ukuta wa ndani. Upande wa nje, mshipa unapotanuka kidogo, rangi inapunguza mwendo, inajizungusha, nyingine inarudi nyuma na kukawia pale pale.

Ni upande huohuo ambako madaktari hukuta mafuta yamejijenga zaidi kwenye ateri za wagonjwa. Sote tumesikia kwamba mafuta yakizidi mwilini mishipa huziba. Lakini damu ni ileile mwili mzima. Mbona haizibi kila mahali? Seli zilizotanda ukuta wa ndani wa ateri huhisi msuguano wa damu inayopita. Msuguano ukiwa hafifu, tena wa kwenda na kurudi, seli hizo hudhoofika na mafuta hupata upenyo. Kwetu sisi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyojifunza mwaka huu.

Njia hii ya kutazama mkondo ndani ya mfano angavu ina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 16 Leonardo da Vinci, msanii na mchunguzi wa Italia, aliandika kuhusu mfano wa kioo wa mwanzo wa aota (ateri kuu itokayo moyoni), wenye maji na mbegu za nyasi za kuonyesha mizunguko karibu na vali, mlango unaozuia damu isirudi moyoni. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, mwanasayansi wa Uingereza, alipitisha uzi wa rangi kwenye bomba la kioo akaonyesha mkondo tulivu unavyovurugika. Leo maabara hutumia chembe ndogo sana zinazomulikwa kwa leza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu ni pampu. Iliyopo inasukuma mfululizo, wakati moyo unadunda, na huko kwenda na kurudi kwa mkondo hutokana hasa na mapigo. Tunaomba utusaidie kupata pampu ya mapigo, na utukutanishe na daktari wa mishipa atakayetazama mfano wetu na kutukosoa.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi.