Kususia jukwaa la simu si utoto

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile taarifa yenu kuhusu vijana waandishi wa programu wanaotaka kuisusia iPhone, wasiiandikie programu, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu aliligeuza jambo lote kuwa ugomvi wa bei, akawashauri wasiojiweza watafute simu nyingine. Bei haikuwa hoja.

Hoja ni kwamba mwenye iPhone hana mamlaka juu ya simu yake. Tangu Apple, kampuni inayoiunda, ifungue duka lake la programu mwaka 2008, kisichopitishwa na kampuni hakiingii kwa njia ya kawaida, isipokuwa katika maeneo machache kama Umoja wa Ulaya, ambako sheria imewalazimisha kulegeza. Mwandishi wa programu hulipa dola 99 kila mwaka, na asiyelipa akiiweka programu yake kwenye simu yake mwenyewe, baada ya siku 7 inagoma kufunguka mpaka aiweke upya. Januari 2011 VLC, ile ya kuchezea video, iliondolewa dukani humo baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika kwamba masharti ya duka yanagongana na leseni yake ya GPL, inayompa kila mtumiaji haki ya kunakili, kurekebisha na kugawa. Wala kususia hakukuanza juzi: Free Software Foundation ya Richard Stallman, taasisi inayotetea uhuru wa watumiaji wa programu, iliwahi kuzinyima mashine za Apple msaada wake mpaka mwaka 1995, kwa sababu ya kesi ya Apple dhidi ya Microsoft kuhusu mwonekano wa madirisha ya kompyuta.

Mimi huandika programu ndogondogo hapa Ngamiani. Niliwaandikia wachuuzi wa samaki wa Deep Sea programu ya kutunza madeni: nani kachukua nguru alfajiri, nani atalipa jioni akishauza. Walirushiana wenyewe kwa simu zao za Android, na mama mmoja aliponiambia kwamba yeye dagaa hawapimi kwa kilo bali kwa fungu, nilirekebisha palepale nikiwa nimekalia ndoo iliyofudikizwa. Kisha nikaipeleka katika ofisi moja ya mjini hapa iliyokuwa ikitafuta kitu cha namna hiyohiyo. Afisa hakuifungua. Aliuliza tu iko kwenye duka gani, na nilipomweleza kwamba haipo dukani, na kwamba ndani ya flashi ile kuna msimbo wote, yaani maandishi yanayoiunda programu, mtaalamu wake ausome mstari kwa mstari akipenda, aliisukuma flashi kwa ncha ya kidole mpaka upande wangu wa meza, akasema programu isiyo dukani ni ya kihuni. Kwa hiyo kazi inayoweza kukaguliwa na yeyote ni ya kihuni, na ile iliyofungwa isiyokaguliwa na mtu yeyote hapa nchini ndiyo ya heshima!

Na ofisi za namna hiyo, kompyuta zao zinaendeshwa kwa Windows ya wizi iliyowekwa na kijana wa steshenari, virusi tele, ilhali tangu 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walishaitafsiri OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili. Waliweza kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, hawakumpigia mtu hodi.

Basi wanaosusia waacheni wasusie, maana jukwaa lisiloandikiwa programu halina cha kuuza. Nami napendekeza kila programu inayolipiwa kwa fedha za umma mkoani Tanga itolewe pamoja na msimbo wake, na ifunguke kwenye kivinjari cha simu yoyote. Afisa anayeng'ang'ania ya dukani alipe zile dola 99 kutoka mfukoni mwake, kila mwaka, na risiti aibandike mlangoni pa ofisi yake, chini ya picha ya Rais.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga