Hesabu vitenzi, mwanangu

Lushoto, Jumapili usiku

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata kwa shangazi yako. Marahaba. Pamoja na salamu amenikabidhi karatasi ya mtihani wa majaribio, ile uliyomwomba asinionyeshe. Usimlaumu. Nilimuuliza akanyamaza, na shangazi yako akinyamaza mimi najua kuna jambo.

Kemia 71. Nimemsomea bibi yako mara mbili, na mara ya pili aliniomba niende polepole. Biolojia 66 nayo nimeiona. Lakini Kiingereza 38, mama, na Novemba hiyo inabisha hodi.

Nimeipitia karatasi swali kwa swali. Utungaji umejitahidi. Ufahamu si vibaya. Palipokuangusha ni pale ulipopewa mafungu kumi ya maneno useme lipi ni "phrase", yaani kirai, na lipi ni "clause", yaani kishazi. Umepata mawili. Nimekaa na hayo manane uliyokosa mpaka taa ikaisha chaji, nikaliona kosa lako: unapima kwa urefu. Palipo parefu umeandika "clause", palipo pafupi umeandika "phrase". "The old woman with a basket of ripe mangoes on her head", maneno kumi na mawili, umekiita kishazi. Kitenzi kiko wapi hapo? Huyo bibi kafanya nini? Hajafanya kitu, tumeonyeshwa tu alivyo. Ni kirai, hata kingeongezwa maneno mengine ishirini. Halafu "she slept", maneno mawili tu, umekiita kirai, na huyo ana kiima, yaani mwenye tendo, ana kitenzi, na kitenzi kimebeba njeo, yaani wakati wa tendo.

Hesabu vitenzi, mwanangu. Kabla kalamu haijagusa karatasi, hesabu vitenzi vyenye njeo. Kitenzi kimoja chenye mwenyewe, kishazi kimoja. Viwili, vishazi viwili. Hakuna, basi ni kirai. Mimi nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 31 na virai na vishazi nimevichora ubaoni mpaka chaki ikaniingia kifuani. Ni vitu vile vile. Inaniuma kwamba mwanangu mwenyewe anavijua kwa Kiswahili, halafu akivikuta vimevaa Kiingereza anawaona wageni.

Ila nimefikiri, na si haki nikulaumu peke yako. Kiswahili chetu kinaficha mambo ndani ya neno moja. "Alipofika" ni neno moja, lakini ndani yake kuna mtu, kuna wakati uliopita, kuna ile "-po-" inayosema ni lini, na kuna tendo. Mwingereza anavitawanya: "when she arrived". Wewe umelelewa kuona kishazi kizima ndani ya neno moja, halafu ukakuta maneno matatu yamesimama mbalimbali, hujui lipi limeshika lipi. Miaka saba ya msingi tunawafundisha karibu kila somo kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza tunageuza lugha kama mtu anavyogeuza shati. Na sisi walimu wa Kiswahili hatukusimama hata siku moja tukasema: angalieni, "alipofika" ile ile ndiyo hii hapa. Nilikuwa na nafasi hiyo miaka 31.

Sasa shika mtego wa kwanza, maana umeanguka nao mara tatu. Ni neno "before", pamoja na ndugu zake "after", "since" na "until". Ukiyaona unakimbilia "clause". Usikimbilie. Angalia kilicho mbele yake. "Before the examination" ni kirai, kwa sababu baada ya "before" kuna jina tu: kabla ya mtihani. "Before the examination started" ni kishazi, kwa sababu mtihani sasa umefanya kitu: kabla mtihani haujaanza. Neno la mwanzo ni lile lile, kitenzi ndicho kinachoamua.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, na hapa Kiswahili chenyewe kinaweza kukudanganya. "I found her crying." Kwa Kiswahili: nilimkuta akilia. "Akilia" ina "a-" ya nafsi, mwenye kulia yumo, kwa hiyo kwetu ni kishazi tegemezi. Lakini "crying" peke yake haina nafsi wala njeo. Huwezi kusema "she crying" ukaishia hapo. Ndiyo maana sarufi mnayofundishwa shuleni inaiita kirai. Vivyo hivyo "the boy sitting under the tree" na "to win the match". Umbo la "-ing" lililosimama bila msaidizi halihesabiwi, na lile lenye "to" mbele halihesabiwi, kama sisi tusivyoihesabu "kushinda" kuwa sentensi. Ukiongeza "who is", ikawa "the boy who is sitting under the tree", hapo umepata kishazi, kwa sababu "is" imebeba wakati. Nikueleze na hili ili usije ukachanganywa: wapo wanasarufi wakubwa, Randolph Quirk na wenzake katika sarufi yao ya mwaka 1985, wanaoyaita hayo nayo vishazi, vishazi visivyo na njeo. Hawajakosea. Lakini wewe Novemba unajibu kwa sarufi mliyofundishwa darasani. Ya Quirk utayasoma chuoni, Mungu akipenda.

Blanketi nimempa shangazi akuletee siku ya kutembelea wanafunzi. La rangi ya damu ya mzee, lile zito. Najua huko Morogoro kuna joto kuliko huku kwetu, lakini mama yako hataki kusikia.

Nirudi. Kuna kosa umelirudia kwenye utungaji, na mwalimu amelipigia mstari bila kulieleza. Umeandika "When I will arrive home, my grandmother will be happy." Mimi najua limetoka wapi. Limetoka kwenye "nitakapofika". Sisi wakati ujao tunauweka kotekote: nitakapofika, bibi atafurahi. Mwingereza kwenye kishazi tegemezi cha namna hiyo anaacha "will", anaiweka kwenye kishazi huru tu. "When I arrive home, my grandmother will be happy." Na "if" ya sharti ni hivyo hivyo: "if it rains", siyo "if it will rain". Lakini ili ujue wapi pa kuiweka "will" lazima kwanza ujue kipi tegemezi na kipi huru. Unaona kwa nini nakusumbua? Hesabu vitenzi, kisha uliza kila kimoja: wewe unaweza kusimama peke yako? "My grandmother will be happy" inasimama. "When I arrive home" inakuacha unasubiri. Na ukiiwekea nukta, kama ulivyofanya kwenye "Because the road was bad.", msomaji unamwacha na mguu mmoja hewani.

Mahali pengine Kiswahili kinakusaidia, ukikiruhusu. Umeandika "The price of the books were high." Ungewahi kusema "bei ya vitabu vilikuwa juu"? Hata mdogo wako wa darasa la pili angekusahihisha. Bei ilikuwa juu. Neno kuu la kirai ni bei, vitabu vimefuata nyuma yake tu. "The price of the books was high." Sikio lako la upatanisho unalo tangu unanyonya. Usiliache mlangoni unapoingia chumba cha mtihani.

Kuhusu kazi ya kishazi, umeandika "noun clause" kila mahali, nadhani kwa kuchoka. Chukua hiki kimoja: "where he lives". "I know where he lives." Weka "it" mahali pake: "I know it." Imekubali, basi kinafanya kazi ya jina. "The house where he lives is old." Hapo kinaeleza nyumba ipi, ni kivumishi. "I will wait where he lives." Hapo kinaeleza nitasubiri wapi, ni kielezi. Maneno yale yale, kazi tatu. Ni kama wewe: kwangu mtoto, kwa mdogo wako dada, kwa bibi yako mjukuu. Mtu ni yule yule, ila lazima tujue amekaa karibu na nani. Kwa hiyo usikitazame kishazi chenyewe, tazama majirani zake.

Na usiniambie huwezi. Kwenye karatasi ya Kemia, ile ya 71, kulikuwa na swali: "Explain what happens when dilute hydrochloric acid is added to marble chips." Hesabu. "Explain", aliyeamriwa ni wewe. "Happens". "Is added". Vishazi vitatu, kimoja ndani ya kingine kama vikapu vya sokoni, na wewe umevifungua vyote na kujibu sawasawa, povu, gesi na yote. Kwa hiyo unajua. Kinachokushinda ni haraka. Unasoma mwanzo wa sentensi, ukiona umeelewa unaondoka.

Haraka hiyo sijui umeirithi wapi. Nasema sijui, na najua.

Ile karatasi ya kupanga fremu ya duka kule Korogwe bado ninayo, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nimeitoa usiku huu. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, lakini watu kwenye karatasi zao wenyewe wanaendelea kuandika watakavyo, na hii imeandikwa Kiingereza. Nakunakilia: "The deposit shall be returned to the tenant unless the tenant leaves the premises before twelve months have passed." Mimi nilisoma mpaka "to the tenant", nikatia saini. Hesabu vitenzi. "Shall be returned", kimoja. "Leaves", cha pili. "Have passed", cha tatu. Mimi nilihesabu kimoja. Na hiyo "before" ni ile ile ninayokusomesha hapa, ina kitenzi mbele yake, ni kishazi kizima, na ndani yake kulikuwa na miezi kumi na miwili. Sisi tulitoka tukiwa na miezi kumi tu.

Niliwaambia nyote kwamba mwenye fremu ametudhulumu laki sita. Mama yako amelirudia hilo kwa watu wengi, kwa sababu aliliamini kutoka kwangu. Hakutudhulumu. Zile wiki tatu ulizokaa nyumbani kidato cha pili, wenzako wakiendelea na masomo, ada yako ilikuwa ndani ya kile kishazi cha "unless". Mama yako nitamwambia mwenyewe wiki hii. Wewe usimwandikie kwanza.

Basi nikuombe kazi moja. Kila siku mpaka mtihani, chukua sentensi tano, za Biolojia, za tangazo la ubaoni, za popote. Pigia mstari kila kitenzi chenye njeo, kisha zungushia kiima chake. Usiandike jina la kishazi mpaka umemaliza kupiga mistari. Ukikuta kitenzi kama "can swim" au "has been eaten", hicho ni kimoja, usikihesabu mara mbili au tatu, wasaidizi wanatembea na mkubwa wao. Sentensi za wiki ya kwanza nitumie kwa shangazi nizione. Nitazisahihisha kwa kalamu nyekundu kama zamani, na safari hii sitaandika "uzembe" pembeni. Neno lile sikupaswa kumwandikia mtoto.

Habari za hapa. Ng'ombe amezaa, ndama jike, kichwani ana alama nyeupe na mdogo wako amekwisha kumpa jina lako bila kuuliza mtu. Bibi yako jicho la kushoto limezidi, tutampeleka kliniki ya macho mwezi ujao. Bati la jikoni lililong'oka nimelipigilia, tunasubiri vuli tuone kama nimeweza. Maharage tumepata debe nne. Ndani ya blanketi, kwenye pindo, mama yako ameshona elfu ishirini. Fumua taratibu, usikate kwa wembe.

Maziwa yakianza kutoka vizuri, wale wanunuzi wa kule kituoni wanataka tuwe tunawapelekea wao tu. Wameleta karatasi, kurasa tatu, Kiingereza kitupu. Nimeisoma mara nne na nimepiga mistari chini ya vitenzi. Ukurasa wa pili kuna "unless" mbili na "until" moja. Nadhani nimeielewa, ila sijatia saini. Nimewaambia kuna mtu anatakiwa kuisoma kwanza, anamaliza mtihani mwezi wa kumi na moja. Wameuliza ni wakili? Nikasema ni binti yangu. Wamekubali kusubiri.

Baba yako