Nipe namba kabla hujatoka

Mwanangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Likoni wazima, ila mamako sukari ilimpanda wiki jana na sasa imetulia. Salamu za watu nitazileta baadaye. Kwanza nina neno.

Uliponiambia kwa simu kwamba Jumamosi mnatoka tena huko Arizona kwa ule mchezo wenu wa namba, nilikuuliza mnakwenda wapi. Ukanijibu kwa furaha, "Bado hatujui, baba, namba hazijatoka." Usingizi wangu tangu usiku ule si usingizi.

Nilimwita Juma akae nami anieleze mchezo wenyewe, hiyo geohashing, upya, kwa sababu ulipokuwa ukinieleza wewe nilikuwa naitikia tu. Amenieleza vizuri. Tarehe ya siku na kile kipimo cha bei za hisa kule New York zinatiwa kwenye kompyuta, zinachanganywa, zinatoka desimali, na desimali hizo zinabandikwa kwenye latitudo na longitudo ya eneo lenu. Panapoangukia ndipo mnapokwenda, kuwe na njia au kusiwe. Akasema watu wanaucheza tangu 2008. Akanipimia na hicho kiboksi chenu cha nyuzi 33 kaskazini na 113 magharibi: kilomita 111 kwenda juu, na kama 93 kwenda kando. Mwanangu, hiyo ni zaidi ya Kwale nzima, na nukta inaweza kuangukia popote humo.

Sikukatazi. Mamako ndiye anayetaka nikukataze, na nimemwambia msichana aliyejifunza kutembea na chanuo mfukoni kwa ajili ya miiba ya ile kaktasi ya cholla hawezi kuambiwa akae chumbani. Ulivyonieleza kwamba ukiushika mwiba kwa kidole unahamia kidoleni, na kwamba chanuo unalipitisha chini ya kile kifundo chote cha miiba halafu unakirusha mbali kwa mara moja, nimewasimulia watu wote wa baraza la msikitini. Na ile picha yako umesimama chini ya saguaro, ile kaktasi ndefu kama mti, nayo ina mkono mmoja tu, na ukasema mkono huo wa kwanza huota baada ya miaka 50, 75, hata 100, nimeichapisha. Iko ukutani juu ya friji.

Lakini ukiniambia hujui unakokwenda, unaniambia pia kwamba hakuna anayejua. Hilo ndilo linalonisumbua, na nitalirudia mpaka unichoke. Mtu akienda sokoni, wauzaji wako. Akienda kisimani, atakuja mwingine kuteka. Hata akienda makaburini kuna njia iliyokanyagwa. Kila mahali binadamu anapokwenda kuna sababu, na sababu hiyo itamleta na mwenzake. Nukta ya kura haina sababu. Hapana aliyepita jana, hapana atakayepita kesho. Ukivunjika mguu hapo, anayekuja ni yule tu aliyeambiwa uko hapo.

Ulinitumia picha ya kaburi la Haji Ali kule Quartzsite, lile piramidi la mawe lenye ngamia juu, nikamsomea Fatiha. Mtu aliyeletwa na jeshi la Marekani pamoja na ngamia mwaka 1856, akaishi jangwani humo mpaka 1902, hata jina lake wakashindwa kulitamka. Jangwa alilijua kuliko ninyi wote. Na kaburi lake liko wapi? Liko mjini, penye watu. Fikiria hilo.

Najua utasema mimi nimeendesha lori jangwani miaka yote ile na nikarudi. Nimerudi, ndiyo. Barua hii usimpigie mamako simu ukamsomea kipande kinachofuata.

Mwaka ule ulipokuwa tumboni nilipeleka unga North Horr. Njia ilikuwa kupitia Maikona na Kalacha, na tajiri alisema nisiiache. Mimi nikaona Chalbi imekauka, nyeupe kama sahani, nikakata katikati kuokoa saa tatu. Juu kulikuwa na gamba la chumvi, chini tope. Lori likazama mpaka ekseli. Tulikuwa mimi na utingo, kijana wa miaka kumi na tisa, na mtungi mmoja wa lita 5, kwa sababu nilijua Kalacha kuna chemchemi na jioni tungekuwa tumefika. Tulikaa siku mbili. Hakuna aliyetutafuta, kwa sababu kila mtu alijua tuko njiani, na njiani hatukuwako. Siku ya tatu alitokea Mgabra anatafuta ngamia wake aliyepotea. Ngamia yule asingepotea, wewe ungezaliwa yatima.

Maji ya mwisho yalikuwa kama kikombe na nusu. Kijana alikuwa amelala chini ya bodi. Nilijiambia nitambakishia. Baada ya safari ile hakupanda tena lori langu, na sikumuuliza kwa nini. Mamako aliambiwa ni beringi. Muache na beringi yake.

Basi usinihesabie lita kwa midomo. Uliniambia mlibeba lita 3 kila mmoja mara iliyopita. Wenyewe wa huko wanasema zisipungue lita 4 kwa mtu kwa siku, na hizo ni za kunywa, si za gari. Juma amenisomea habari za mwaka 2023: Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo haishuki chini ya nyuzi 43 mchana, na katika kaunti ya Maricopa peke yake joto lilihusika na vifo vya watu 645. Mji wenye bomba kila nyumba na viyoyozi. Huu ni mwezi wa tano, najua, lakini wa sita hauko mbali na wewe hujasema mtaacha lini. Unaacha lini?

Msimu wao wa mvua ukianza katikati ya mwezi wa sita, usilale kwenye laga, mto mkavu, hata kama mchanga ni mlaini na mbingu juu yako safi. Maji yanatoka mlimani usiouona. Na lile wimbi la vumbi wanaloliita habub, wamelichukua kwa Waarabu na jina lake, likiwakuta barabarani tokeni kabisa nje ya lami, zimeni taa zote, ondoeni mguu kwenye breki. Anayekuja nyuma akiona taa anadhani ndiyo njia.

Jambo lingine, mchezo wenu hauna macho. Unatupa namba kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, Wanavaho na Tohono O'odham, kwenye shamba la mtu, kwenye uwanja wa jeshi ule wa kusini wenye mabomu ambayo hayajalipuka. Ardhi ina wenyewe, nawe umezaliwa pwani, unajua maana ya mtu kuja na karatasi kukuonyesha kwamba unapokaa ni pake. Ukikuta seng'enge, geuka. Kama kuna kibali cha kuomba, omba kabla. Na mashimo ya migodi iliyoachwa, yako kwa maelfu huko, usiku usitembee kabisa.

Sasa ninalolitaka. Nimelipigia hesabu mwenyewe na Juma akanihakikishia. Wikendi soko la hisa limefungwa, kwa hiyo namba za Jumamosi zinatokana na bei ya Ijumaa soko linapofunguliwa. Hapo kwenu ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapa ni saa kumi na nusu jioni. Maana yake mna siku nzima ya Ijumaa mkijua nukta iko wapi. Ile "hatujui" ya Jumatano ni kweli, lakini ya Ijumaa si kweli, na mara iliyopita ulinitumia picha Jumapili, mmesharudi. Nilihesabu. Siku mbili nzima sikujua mwanangu yuko upande gani wa dunia.

Nataka namba zote, na desimali zake. Nataka jina la kaunti, kwa sababu kazi ya kutafuta waliopotea huko ni ya sherifu wa kaunti, na kiboksi chenu kina sehemu ya Maricopa, ya La Paz na ya Yuma. Nikipiga simu kwa sherifu asiye wake tutapoteza muda. Nataka gari mmeliacha wapi. Na saa ya kurudi. Ukisema saa sita mchana, hapa ni saa nne ya usiku, nitakuwa macho. Ikifika saa sita ya usiku wetu bila neno, napiga, na usije ukaniambia nimekuaibisha mbele ya wenzako. Tena muachie na mtu wa hapo hapo Tempe, yule mama wa Kisomali anayekupa chapati. Mtandao ukikosekana jangwani, na utakosekana, yeye ataanza kabla yangu.

Mkishindwa kufika nukta, rudini. Mara ile mlibakisha mita 400 mkaona genge la mwamba, mkarudi, ukaniambia kwa huzuni. Siku ile nilijivunia wewe kuliko siku ya matokeo ya mtihani, ila sikusema. 

Nyumbani maji ya bomba hayajatoka siku ya tisa, tunanunua ya mkokoteni, na tangi la paani limepasuka kwenye mdomo. Juma anataka tuliuze tununue jipya, mimi nataka fundi aliunge kwanza. Ile pesa uliyotuma ya tangi nimelipia dawa za mamako na nusu ya karo ya Saidi, nilipaswa kukuambia wiki ile ile. Mwembe wa uani umezaa mpaka tawi linagusa ukuta wa jirani, naye ameanza maneno. Shangazi yako wa Tiwi anakusalimu, anauliza zile raba za kutembelea jangwani kama zipo za mguu wa 39.

Nimefungua daftari jipya, mstari wa kwanza nimeandika Ijumaa, na pembeni nafasi ya namba mbili. Stima hukatika jioni siku hizi, kwa hiyo simu nitaichaji tangu asubuhi. Kuanzia saa kumi na nusu niko barazani.

Babako